Treni ya mjini haichelewi njiani, inachelewa mlangoni

Kuna kitu huwa kinanichekesha kila treni mpya ya mjini inapozinduliwa, popote pale duniani. Meneja anasimama mbele ya kamera na jambo la kwanza analolitaja ni spidi, eti hii inakimbia kilomita 120 kwa saa, ile ya zamani ilikuwa inaishia 80, watu wanapiga makofi. Sawa, ila hebu tupige hesabu kidogo manake hii ni treni ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha, stesheni zake ziko kilomita moja na nusu hivi kutoka moja hadi nyingine. Tuseme inachanganya mwendo taratibu, kila sekunde inaongeza mita moja kwa sekunde, na breki zake zinashika hivohivo ili waliosimama wasiangukiane. Yenye mwisho wa 80 itamaliza hicho kipande kwa sekunde 90, yenye mwisho wa 120 itamaliza kwa sekunde 78. Umeokoa sekunde 12 hata hazijatimia, na hiyo spidi ya 120 mmeionja muda mfupi sana, ikifika tu breki nayo imefika.

Sasa chukua treni hiyohiyo, isimame stesheni sekunde 50 badala ya 30 kwa sababu watu wanagombania mlango. Hapo zimekwenda 20. Njia ikiwa na stesheni 20 hizo ni sekunde 400, karibu dakika 7, na ile spidi iliyopigiwa makofi yote imekurudishia dakika 4 kasoro. Yani mlango umekula faida yote ya injini mpya na bado unadai.

Mtu anayepanda hizi treni kila siku analijua hili hata kama hajawahi kuliwekea namba. Treni ikishaondoka stesheni hana wasiwasi nayo. Kinachomtoa jasho ni ile nusu dakika ya kusimama, na mimi hoja yangu ni kwamba karibu kila kitu tunacholalamikia kwenye treni za mjini, kuchelewa, kubanana, kusubiri bila kujua unasubiri nini, kinaanzia kwenye hiyo nusu dakika, na kinaendelea kwa sababu wanaozisimamia wanazihesabu treni na sio watu.

Simama jukwaani saa 1 na nusu asubuhi uangalie mlango mmoja tu, achana na treni nzima. Wazoefu wanajua mlango utasimama wapi, wanajua mpaka ufa wa sakafu unaolingana nao, kwa hiyo kabla treni haijatulia washajipanga kushoto na kulia, katikati wameacha njia, wastaarabu kabisa. Mlango unafunguka. Wanne wa kwanza wanashuka vizuri, wa tano begi lake la mgongoni limenasa kwenye mkono wa mtu, na kabla hajajinasua jamaa mmoja wa nje keshajipenyeza ubavuni. Akipenya mmoja foleni imekufa, wote wanaingia kwa mpigo, na huko ndani katikati ya behewa kuna dada anaita "nashuka jamani, nashuka", na wala sio kwamba watu wana roho mbaya, hamna pa kumpishia. Kengele inalia, mlango unafunga unakutana na kiatu, unafunguka. Unafunga tena unakutana na mkoba. Mara ya tatu unafunga, dada keshashuka ila kiatu kimoja anakivalia jukwaani. Haya yote yametokea kwenye mlango mmoja na milango mingine 30 ilikuwa imeshafungwa zamani, treni nzima inasubiri huo mmoja, manake treni haiondoki na mlango wazi.

Hapo ndo utaona mabango. "Waache wanaoshuka washuke kwanza." "Sogea katikati ya behewa." "Usizuie mlango." Mi sina shida na adabu ila hayo mabango yanakera, kwa sababu yanachukulia kwamba mtu anayesimama mlangoni ni mshamba asiyejua taratibu. Anajua sana. Anasimama mlangoni kwa sababu anashuka stesheni ya tatu na alishawahi kupitishwa, ukiingia mpaka katikati unapata pa kupumua ila umeiweka rehani stesheni yako. Kwake yeye mmoja huo ni uamuzi wa akili kabisa, tatizo ni pale watu 200 wanapofanya uamuzi uleule wa akili kwenye behewa moja, katikati kweupe kabisa na milangoni pamefungwa kama kizibo. Bango halitibu hilo. Ukitaka mtu asogee ndani mhakikishie kwamba atatoka, na kinachomhakikishia ni mlango mpana, milango mingi na muda wa kutosha.

Na hata adabu zenyewe wakati mwingine ndo zinatuchelewesha. Stesheni ya Holborn pale London mwishoni mwa 2015 walijaribu kitu kwenye ngazi za umeme, waliwaomba watu wasimame pande zote mbili badala ya ule utaratibu wa kusimama kulia na kuacha kushoto kwa wanaopanda kwa miguu. Ngazi zile ni ndefu, wanaojitolea kuzipanda ni wachache, kwa hiyo upande wa kushoto ulikuwa unabaki nusu wazi huku chini foleni imejaa. Waliposimama pande zote, ngazi moja ikabeba watu wengi kuliko mwanzo kwa zaidi ya robo saa za msongamano. Na unajua watu walifanya nini? Walikasirika. Wenye haraka waliona wamenyang'anywa haki yao, na utaratibu wa zamani ukarudi. Kwa wastani watu wangefika mapema zaidi ila nani anaishi kwenye wastani bwana.

Turudi kwenye mlango. Wanaotengeneza mabehewa wanalijua hili siku nyingi na kila mji umejaribu dawa yake. Sydney kwa miaka mingi wametumia treni za ghorofa, viti vingi kweli, ila kila behewa lina milango miwili tu kila upande, na watu wa juu na wa chini wote inabidi wakutane kwenye vile vingazi kabla ya kushuka. Walipofungua njia mpya ya metro 2019 wakaachana na ghorofa, behewa la kawaida, milango mitatu kila upande. Viti vimepungua na waliozoea kukaa wamelalamika, lakini kushuka na kupanda kumekuwa kwepesi. Paris kwenye njia ya RER A, ambayo inabeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku, wao wametaka vyote viwili, treni ya ghorofa yenye milango mitatu mipana. Tokyo ndo walikwenda mbali kuliko wote, kwenye njia ya Yamanote inayozunguka mji, kuanzia 1991 kila treni iliwekewa behewa lenye milango sita kila upande badala ya minne, na asubuhi viti vyake vilikuwa vinakunjwa, wote mnasimama. Kufikia 2011 yalikuwa yameshaondolewa yote, na sababu yenyewe ni mlango tena: walikuwa wanaweka milango ya usalama kwenye ukingo wa jukwaa, na milango ya jukwaa inataka kila behewa liwe na milango sehemu zilezile.

Kuna mji ambao umelikata hili tatizo kwa njia ya mkato, nao ni Mumbai. Treni nyingi za kule zinakimbia na milango wazi, hamna kusubiri kufunga, watu wanaanza kuruka kabla haijasimama na wengine wanadandia ikiwa ishaanza kuondoka, treni inasimama muda mfupi sana na inabeba watu ambao treni nyingine yoyote ingeshindwa. Mamilioni kwa siku. Wenyewe wa reli kule wana jina maalum la kitaalamu kwa ule mbanano, wanazungumzia watu 14 mpaka 16 kwenye mita moja ya mraba, jaribu kuchora mita moja chini hapo ulipo uwapange. Ila bei yake ni damu. Kwa miaka mingi watu zaidi ya 2,000 kila mwaka wamekuwa wakifa kwenye reli za mji ule, wengine wakikatiza njia, wengine wakidondoka milangoni. Treni ya kwanza yenye kiyoyozi na milango inayojifunga ilianza Desemba 2017, na ugumu wake unaujua tayari, ukifunga milango kwenye njia iliyojaa vile kila stesheni inaongezeka sekunde, na sekunde zikiongezeka idadi ya treni kwa saa inashuka. Kwa hiyo mtu akikwambia "si wafunge tu milango" mwambie aongeze na treni nyingine hapo hapo.

Kitu kingine kidogo ambacho hakizinduliwi na mtu yeyote ni kimo cha jukwaa. Sakafu ya treni ikiwa juu ya jukwaa kwa ngazi mbili, kila abiria anatumia sekunde yake ya kujivuta, mzee mbili, mama mwenye kigari cha mtoto anahitaji mtu wa kumshikia upande wa pili, na mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mfanyakazi aje na ubao, kama yupo. Jukwaa likilingana na sakafu wote wanaingia sawasawa. Kazi ni ya saruji tu, na bado ndo huwa ya mwisho kwenye bajeti kwa sababu inaitwa ya walemavu, kumbe inamwokolea sekunde kila mtu aliyebeba hata mkoba.

Sasa tuone zile sekunde 20 zilizopotea zinaenda wapi, manake hazibaki kwenye ile treni. Treni ikichelewa kidogo, jukwaa la mbele linakuwa limeshakusanya watu wengi kuliko kawaida. Wakiwa wengi wanachukua muda zaidi kupanda, inachelewa zaidi, stesheni inayofuata imekusanya wengi zaidi, na inaendelea hivohivo mpaka inageuka mzoga unaojikokota. Ile ya nyuma yake inakuta majukwaa yamefagiliwa, haina watu wa kubeba, inaikaribia ya mbele mpaka inasimamishwa na taa nyekundu katikati ya stesheni na stesheni. Ndo pale unasubiri dakika 18 alafu zinakuja mbili zimefuatana. Watu wengi wanadhani ni uzembe wa mtu fulani kwenye chumba cha kuongozea, wakati mwingine ni kweli, ila hata wote wakifanya kazi vizuri treni zina tabia ya kukusanyika zenyewe zisipozuiliwa.

Na hapa ndo hesabu ya kampuni na ya abiria zinapoachana kabisa. Tuseme ratiba inasema treni kila dakika 10, ila kwa huo mkusanyiko zinakuja moja baada ya dakika 18, nyingine baada ya 2, 18, 2, hivohivo siku nzima. Jukwaani wanafika watu 50 kila dakika. Treni ya dakika 18 inakuta watu 900, ya dakika 2 inakuta 100. Meneja anajumlisha anagawa kwa mbili, anakwambia kwa wastani treni zetu zinabeba watu 500 na zina uwezo wa 800, hamna msongamano, na kwa wastani treni inapita kila dakika 10 kama tulivyoahidi. Hajadanganya hata neno moja. Lakini nenda kawaulize wale 1,000, watu 900 kati yao, yani tisa katika kila kumi, watakwambia nilisubiri sana na nikapanda treni iliyofurika au nikaachwa kabisa. Kusubiri kwa wastani, ukiwahesabu watu, ni dakika 8 na kitu, wakati kwenye ratiba iliyonyooka ingekuwa 5. Wale waliopanda treni tupu wapo, ni 100, hao ndo utawasikia wakisema mbona treni ziko vizuri tu.

Kwa hiyo abiria akisema "kila siku nabanana" na kampuni ikasema "nusu ya treni zetu ziko tupu" wote wawili wanasema kweli. Treni iliyojaa ina mashahidi wengi, tupu haina.

Dawa zipo. Moja ni kuizuia ile ya nyuma iliyo tupu isubiri kidogo ili pengo lilingane, hapo waliomo ndani wanalaani kwa sababu wanaona treni imesimama bila sababu na hakuna anayewaambia kwa nini. Nyingine ni kuweka akiba ya muda kwenye ratiba, yani treni inayoweza kwenda kwa dakika 40 unaiandikia 43 ili ikijikwaa iwe na pa kujinyanyulia. Akiba hiyo ndo ya kwanza kukatwa kila wakitaka kujisifu kwamba safari imefupishwa. Na kukata akiba ya muda sio mchezo, hii nataka niiseme kwa kituo kwa sababu na sisi abiria tuna mkono wetu.

Wote tunaisifia Japani. Novemba 2017 kampuni ya njia ya Tsukuba Express iliomba radhi kwa umma kwa sababu treni yake iliondoka stesheni sekunde 20 kabla ya muda, dunia nzima ikacheka na kutamani. Kule treni ikichelewa unapewa karatasi ya uthibitisho uipeleke kazini, bosi anaamini. Kitu kizuri sana hicho, kampuni inakubali kwa maandishi kwamba kosa ni langu na sio la huyu mfanyakazi wako. Lakini nchi hiyohiyo, tarehe 25 Aprili 2005, kwenye njia ya Fukuchiyama karibu na Amagasaki, dereva wa miaka 23 alipitiliza jukwaa la stesheni moja, akarudi nyuma, akawa amechelewa dakika moja na nusu hivi. Ratiba ya njia ile ilikuwa imebanwa haina pa kupumulia, na dereva aliyechelewesha treni kule alikuwa anapelekwa kwenye mafunzo ya adhabu ya kudhalilisha, kuandika maelezo siku nzima, kung'oa majani. Yeye alikuwa ameshapitia huko. Akaingia kwenye kona yenye kikomo cha kilomita 70 kwa saa akiwa na 116 hivi, treni ikatoka njiani ikajikita kwenye jengo la makazi. Walikufa watu 107 na yeye akiwemo.

Dakika moja na nusu. Kila nikisikia mtu jukwaani anamtukana dereva kwa dakika mbili huwa nakumbuka hiyo habari, na sisemi tusilalamike, tulalamike sana, ila malalamiko yaende kwa aliyeandika ratiba. Dereva anaendesha kile alichopewa. Na yule anayefunga milango naye yuko kwenye mtihani kila stesheni, kuna mtu anakimbia ngazini na mkono juu, waliomo ndani wote wanataka twende, aliye nje anataka asubiriwe, na mtu huyohuyo akishaingia na mlango ukifungwa nyuma yake anageuka papo hapo kuwa chama cha twende. Tumefanya hivo wote, usijifanye.

Kusubiri kwenyewe pia kuna namna yake. Wanaopanga usafiri huwa wanahesabu dakika moja ya kusubiri kama karibu dakika mbili za kuwa ndani ya treni inayotembea, kwa sababu ndivyo watu wanavyoihisi, na ukisubiri bila taarifa inazidi hapo. Ndo maana ile skrini inayosema dakika 3, dakika 11 ni kitu kikubwa kuliko inavyoonekana. Haiongezi treni hata moja ila inakupa uamuzi. Hii inayokuja imefurika, nyuma yake dakika 2 kuna nyingine, nasubiri. Kwa mkono wako unalisaidia lile pengo kulingana. Bila skrini kila mtu anarukia ya kwanza kwa sababu hajui kama kuna ya pili, na hapo mlango unazibwa upya.

Spika sasa. Spika za stesheni nyingi zina sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, na ukibahatika kusikia utaambiwa "kutokana na sababu za kiufundi". Sababu za kiufundi ni zipi hizo? Mlango umeharibika, taa za njia zimezima, mtu amegongwa? Kila moja ina muda wake. Mlango mbovu unaweza kuisha baada ya dakika chache, mtu akigongwa jitafutie usafiri mwingine kabisa. Abiria hahitaji kuombwa radhi mara sita, anahitaji kujua abaki au aondoke, na neno "kiufundi" limetungwa ili asijue. Mi nadhani wanaogopa kusema dakika 40 alafu iwe 25, eti watu walioondoka watakasirika, bora wasiseme chochote watu wote wakae pale.

Na watu wakishazoea njia yao hawaichunguzi tena. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi London waligoma siku mbili, baadhi ya stesheni zikafungwa, watu wakalazimika kupita njia nyingine. Watafiti wakachukua data za kadi za nauli wakaangalia baada ya mgomo, wakakuta kama asilimia 5 ya wasafiri wa kila siku hawakurudi kwenye njia yao ya zamani. Yani walikuwa wanapita njia mbaya kwao siku zote na hawakujua mpaka ilipofungwa. Sehemu ya sababu ni ramani yenyewe, ile ya Harry Beck iliyochapishwa 1933, mchoraji wa mambo ya umeme aliyenyoosha mistari yote na kusawazisha umbali wa stesheni ili isomeke kirahisi. Inasomeka kweli, na karibu kila mji umeiga, ila umbali iliouficha ni umbali wa kweli wa miguu yako. Stesheni mbili zinazoonekana mbali kwenye ramani unaweza kukuta ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na maungio, pale unapobadilisha treni, yanayoonekana ni kidoti kimoja ni korido za kutembea mpaka ukasahau unaenda wapi. Kila stesheni ingekuwa na karatasi moja tu ukutani inayosema kutoka jukwaa hili mpaka lile ni dakika ngapi, watu wangejipanga upya wenyewe na maungio mengi yangepungua watu.

Nimalizie na hizo asilimia zinazotangazwa. Ukisikia "treni zetu asilimia 90 zinafika kwa wakati" uliza maswali mawili, kwa wakati ni nini, na inapimwa wapi. Uingereza mpaka 2019 kipimo kikuu kilikuwa kinaangalia stesheni ya mwisho, na treni za karibu zilihesabiwa zimewahi zikifika ndani ya dakika 5. Treni iliweza kukuchelewesha wewe wa katikati dakika 8, ikala akiba iliyorundikwa kabla ya stesheni ya mwisho, ikaingia ikiwa "imewahi". Aprili 2019 wakabadili, wakaanza kupima kila stesheni na kwa dakika moja, na asilimia kwa kipimo hicho zinatoka chini sana hata kama treni ni zilezile. Ujerumani treni iliyochelewa chini ya dakika 6 imewahi, na iliyofutwa kabisa haimo kwenye hesabu ya kuchelewa. Isome tena hiyo. Treni isiyokuja haijachelewa.

Hata wakipima kila stesheni bado wanahesabu treni. Treni ya saa 5 asubuhi yenye watu 60 ina uzito uleule na ya saa 1 na nusu yenye watu 1,500, na inayochelewa ni hiyo ya pili, kwa sababu ndo yenye watu wa kugombania mlango. Asilimia 10 ya treni zilizochelewa zinaweza kuwa zimebeba theluthi ya abiria wote wa siku, na kwenye asilimia hiyo hutaiona. Na siku hizi hamna kisingizio cha kukosa takwimu. Geti linasoma kadi yako ulipoingia na linasoma ulipotoka, mashine inajua safari yako ilitakiwa iwe ya muda gani na imekuwa ya muda gani. London kwenye treni za chini ya ardhi ukicheleweshwa dakika 15 au zaidi kwa kosa lao unaomba urudishiwe nauli, na wanaweza kuthibitisha kwa data hizohizo. Kwa hiyo dakika tulizopoteza zimeshahesabiwa, ziko kwenye kompyuta ya mtu, kwa stesheni na kwa saa. Watoe hizo kila mwezi, dakika za watu, stesheni kwa stesheni, na pembeni waandike mlango ulikaa wazi sekunde ngapi.